Jiwe la Zambarau Si Lazima Liwe na Lithiamu Nyingi

Wachimbaji wanaoleta mawe maabara huja na swali moja kila jiwe la zambarau linapotua mezani: "Mtaalamu, hii ni lithiamu?" Mara nyingine ndiyo: jiwe huwa lepidolaiti, madini yenye lithiamu, metali inayotumika kwenye betri. Ila rangi ile hailetwi na lithiamu. Huletwa na manganizi kidogo iliyomo, ndiyo maana lepidolaiti ya kijivu huweza kulingana kwa lithiamu na ile iliyokolea rangi.

Lepidolaiti ni ulanga (mika), jamii moja na ule uliowahi kuchimbwa milima ya Uluguru. Penyeza ncha ya kisu ubavuni mwa jiwe: gamba jembamba linabanduka, na ukilipinda kidogo kisha ukaliachia, linajirudi. Hata jina limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gamba. Amethisti, kwazi ya zambarau inayowachanganya wengi, haibanduki hivyo, tena hukwaruza kioo. Lepidolaiti ni laini, kisu kinaikwaruza bila taabu.

Kipimo kingine ni moto. Weka chembe ndogo kwenye ncha ya waya, iingize kwenye mwali wa gesi. Itayeyuka upesi, na mwali utageuka mwekundu wa damu. Hapo umejua lithiamu ipo. Kiasi chake hukijui bado.

Mwanga wa moto ndio uliowapa wanasayansi wa Ujerumani, Bunsen na Kirchhoff, elementi mpya mwaka 1861. Walipochunguza lepidolaiti ya Saksonia, Ujerumani, waliona, kwenye mwanga uliotenganishwa rangi zake, mistari myekundu iliyokoza wasiyoijua, wakaiita elementi hiyo rubidi.

Lepidolaiti hukaa kwenye pegmataiti, mwamba wa chembe kubwa, pamoja na madini ya kwazi na feldispa. Bikita, Zimbabwe, yapo. Viwanda vya kioo na kauri viliyatumia zamani kabla ya betri, kwa sababu hushusha joto la kuyeyushia. Leo Yichun, China, hutoa lithiamu ya betri humo, lakini kazi si nyepesi: lazima madini yachomwe na kutiwa kemikali, floridi iliyomo idhibitiwe, na taka zinazobaki ni nyingi kuliko lithiamu inayopatikana.

Kuhusu bangili za lepidolaiti zinazodaiwa "kutuliza akili": lithiamu inayotolewa hospitali kama dawa ni chumvi inayopimwa kwa miligramu, na damu ya mgonjwa hukaguliwa. Jiwe la mkononi haliipitishi mwilini.

Ukileta sampuli, usituchagulie magamba mazuri tu. Lete na mwamba ulioyabeba, kipande cha ukubwa wa ngumi au zaidi, maana mwamba wote ndio utakaochimbwa.