Goti limekufa baada ya oparesheni: ya vijiweni Mbeya na ukweli wake

Mechi ikiisha pale Sokoine, kaa kijiwe chochote cha kahawa, hukosi stori ya dogo fulani aliyekuwa moto, akaumia goti, akapasuliwa, mpira ukaishia hapo, na lazima atokee mmoja aseme "angemshtaki yule daktari saa hizi angekuwa tajiri". Hapo ndo uongo mwingi unapoanzia.

Mkubwa kuliko wote: "oparesheni imefeli, kwahiyo daktari kazembea". Hapana jamani. Ile kano ya mbele ya goti, wanayoiita ACL, ikikatika hata upasuliwe na bingwa wa mabingwa haina garantii. Kuna uchambuzi wa tafiti nyingi ulitoka 2014, ulikuta waliofanyiwa hiyo oparesheni wakarudi kwenye mashindano ni kama 55 kati ya 100, yaani karibu nusu hawarudi na si lazima kuna mtu kakosea. Mahakama haiulizi goti limepona au vipi, inauliza daktari alifanya ambacho daktari mwenye ujuzi kama wake angefanya? Na kama hakufanya, hilo kosa ndo lililoua goti au goti lilishakufa siku ile ya rafu? Ukishinda swali moja ukaanguka la pili unatoka kapa.

Cheki kesi ya Michael Appleton, kiungo wa West Bromwich Albion ya Uingereza. 2001 aliumia kano ya nyuma ya goti, akashauriwa apasuliwe, kumbe jeraha lile lilitakiwa litibiwe kwa mazoezi bila kisu. 2007 mahakama ikampa kama pauni milioni 1.5. Unaona? Kosa lilikuwa kwenye ule ushauri, kabla kisu hakijagusa ngozi, ila sisi huku tunatafutaga mkasi uliosahauliwa ndani ya goti.

Halafu kuna wanaosema timu ndo itamdai daktari maana mchezaji ni mali ya timu. West Brom walijaribu hiyo, 2006 Mahakama ya Rufani ya kule ikawagomea, mgonjwa wa daktari alikuwa mchezaji na siyo klabu. Hukumu ya Uingereza haiwafungi majaji wetu ila huwa wanaisoma, kwahiyo dogo usikae unasubiri mwenyekiti wa timu akupiganie.

"Ulishasaini fomu, imekula kwako." Nalo uongo. Ile fomu ya ridhaa unakubali upasuliwe na hatari zake za kawaida, hukukubali kuzembewa, na kama hizo hatari hukuelezwa ukapewa tu peni usaini, hiyo yenyewe ni hoja.

Sasa hela. Watu wamesikia Chris Maragos, yule wa Philadelphia Eagles, timu ya mpira wa Kimarekani, kwenye kesi ya goti lake 2023 baraza la wazee wa mahakama Marekani lilimpa dola milioni 43.5 wakaamua kila mtu wa Tanzania atapata hivyo. Bongo kesi kama hii anaamua jaji, na hasara unayoweza kuitaja kwa namba, mfano mshahara na gharama za matibabu, lazima uithibitishe moja moja kwa karatasi. Hapa ndo wachezaji wetu wanaumia vibaya, maana mwingine mkataba wa mdomo, posho anapewa mkononi kwenye basi wakitoka Iringa, unamwonesha nini jaji? Maumivu na ndoto iliyokatika jaji anakadiria mwenyewe, ila usitegemee mabilioni.

Muda nao. Eti haki haiozi. Madai ya uzembe mwisho miaka 3, na kama ulitibiwa hospitali ya serikali unatakiwa kwanza utoe notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, ndo ufungue Mahakama Kuu. Mbeya ipo, Iringa ipo, huna haja ya kupanda basi mpaka Dar.

Baraza la Madaktari Tanganyika peleka malalamiko, ni haki yako, wanaweza kumsimamisha daktari hata kumfuta kwenye rejista. Fidia lakini wao hawatoi, mtu anasubiri majibu ya Baraza akidhani ndo kesi na kumbe siku zinayoyoma.

Na hili la kwetu kabisa, goti likivimba baada ya oparesheni watu wanakimbilia kwa babu wa kuunga mifupa kule Tukuyu akalikande. Mimi sisemi babu hajui kazi yake, ila mwanasheria wa hospitali akijua hilo atauliza kitu kimoja tu, goti liliharibikia theatre au liliharibikia kwa babu? Kabla hujaenda popote omba nakala ya faili lako, picha za MRI na maelezo ya oparesheni, halafu kamwone daktari mwingine wa mifupa akuandikie alichokuta.