Mapipa yanayopotelea kwenye gharama

Kila ripoti ya mapato ya mafuta inapotoka, watu hukimbilia jedwali moja: kampuni imelipa kiasi gani, serikali imepokea kiasi gani. Tarakimu zikilingana, mjadala unaisha. Nimekagua hesabu za mikataba ya kugawana uzalishaji kwa miaka mingi, na jedwali hilo ndilo ninalolisoma mwisho.

Mkataba wa aina hii, ulioanzia Indonesia miaka ya 1960, huenda hivi. Kampuni hutoa mtaji wa kutafuta na kuchimba. Mafuta yakianza kutoka, kwanza hujirudishia gharama zake. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Chukua mapipa 100, na tuseme serikali ina asilimia 60 ya baki. Gharama zikiwa sawa na mapipa 30, yanabaki 70 na serikali inapata 42. Zikiandikwa 50, serikali inapata 30. Mapipa 12 yamekwenda, wala hakuna aliyeghushi stakabadhi. Kampuni itatangaza imetoa 30, serikali itatangaza imepokea 30, na ripoti itasema hakuna tofauti.

Gharama huvimbaje? Mara nyingi si kwa wizi wa kuvunja kufuli. Mtambo umekodishwa kutoka kampuni dada. Sehemu ya mishahara ya makao makuu imehamishiwa kwenye kisima. Mkopo wa kampuni mama unatozwa riba kubwa kuliko ya benki. Kila kitu kina ankara na saini. Kwa hiyo ankara hainitoshi. Nataka kujua mtu baki angelipwa kiasi gani kwa kazi ileile.

Halafu kuna muda, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Mikataba mingi huipa serikali miaka miwili au mitatu ya kukagua hesabu za mwaka husika. Ikipita bila pingamizi la maandishi, gharama huhesabiwa zimekubaliwa. Niliwahi kuitwa kwenye ukaguzi nikakuta miaka kadhaa ya mwanzo, ile yenye matumizi makubwa kuliko yote, imeshafungwa. Barua haikuandikwa kwa wakati, basi.

Indonesia yenyewe, baada ya mabishano marefu kuhusu gharama, mwaka 2017 ilileta mikataba inayogawa uzalishaji wote, bila kurejesha gharama kwanza. Mwaka 2020 ikaruhusu tena utaratibu wa zamani kuchaguliwa. Sishangai: kampuni ikibeba gharama zote peke yake, hudai fungu kubwa zaidi.

Ninaona matumaini kwenye uchapishaji wa mikataba. Kiwango cha EITI, mpango wa kimataifa wa uwazi katika uchimbaji wa mafuta, gesi na madini, kinazitaka nchi wanachama kuweka hadharani mikataba iliyotolewa au kurekebishwa tangu Januari 1, 2021. Ukiipata, usiishie kwenye asilimia za kurasa za mbele. Tafuta kiambatisho cha uhasibu, ambacho wengi hawakifikii. Humo ndimo imeandikwa gharama ipi inarejeshwa, ipi hairejeshwi, na ukaguzi una muda gani.

Kisha mwulize mbunge wako, au yeyote anayesimamia sekta hiyo: gharama za miaka ipi zimekaguliwa, kiasi gani kinabishaniwa, na muda wa kukagua mwaka unaofuata unaisha tarehe ngapi?