Sala kabla ya mhadhara si kuunganisha imani na taaluma

Kazi yangu ni kukagua mihutasari ya kozi katika vyuo vikuu vya Kikristo hapa Uganda, na kuna muhtasari wa aina moja ambao nimechoka kuuona. Ukurasa wa kwanza una aya ya Biblia, mhadhara hufunguliwa kwa sala, halafu muhula mzima hufundishwa kama kwingineko. Mwenye kozi huniambia, "Mwalimu, imani nimeshaiingiza."

Hujaingiza kitu. Sala ni njema, endelea kusali. Lakini tukiifuta ile aya, kozi yako itabadilika wapi? Kama haibadiliki popote, aya ilikuwa pambo.

Chukua ukaguzi wa hesabu. Wahadhiri hupenda kunukuu Mithali 11:1, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA." Kunukuu hakugharimu kitu. Mpe mwanafunzi vitabu vya SACCO, chama cha akiba na mikopo, ambamo mikopo isiyolipwa tena imeandikwa kana kwamba italipwa. Aonyeshe kanuni iliyovunjwa, wanachama walioumia, kisha aandike barua ya mkaguzi kwa mwenyekiti ambaye pia ni mzee wa kanisa lake. Hapo imani na uhasibu vimekutana kwenye ukurasa mmoja.

Na swali hilo liweke kwenye mtihani wa mwisho, alama 20. Nalirudia hili kila muhula: wanafunzi wetu husoma kinachotahiniwa. Atakayejaza karatasi mahubiri bila hesabu, mpe sifuri bila huruma.

Najua pingamizi mtakazoniletea. "Hiyo ni kazi ya idara ya teolojia." Chuo cha teolojia cha Bishop Tucker, kilichoanza Mukono mwaka 1913, kiligeuzwa kuwa Uganda Christian University mwaka 1997. Leo kinafundisha sheria, biashara na tiba. Kama kazi hii ingekuwa ya wanateolojia peke yao, mageuzi yale yangekuwa ya nini?

"Sayansi haina pa kuingizia imani." Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwa Mkristo asiyejificha. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto. Mwaka 1961 akasafiri kwa gari hospitali kwa hospitali, nchi kwa nchi, akiuliza ugonjwa huo umeonekana wapi, hadi akaona unafuata maeneo ya joto na mvua. Imani haikumpunguzia hata kilomita moja.

"Kuhoji kutawapoteza vijana." Danieli wa Biblia alisomeshwa maandiko na lugha ya Wakaldayo, akafaulu kuliko wenzake. Alikataa chakula cha mfalme, madarasa hakuyakataa.

"Wanafunzi Waislamu wataonewa." Swali la SACCO Mwislamu analijibu vizuri tu bila kubadili dini. Kama swali lako linajibika na aliyeokoka peke yake, umelitunga vibaya. Litunge upya kabla hujaniletea.