PPID haijui nani kaendesha pkg yako

Imeletwa tena postinstall (skripti ambayo pkg, kifurushi cha kusakinisha programu, huiendesha mwishoni) yenye `ps -p $PPID`, yaani iulize mchakato mzazi ni nani, eti ijue kama pkg kwenye Mac za ofisi imesukumwa na Jamf, mfumo wa kusimamia Mac kwa mbali, au mtumiaji kaibofya mwenyewe. Jibu linatoka lile lile kila Mac, kisha lawama zinakwenda kwa macOS.

Installer.app, lile dirisha linalofunguka ukibofya pkg, haiendeshi skripti zenu. Amri ya `installer` nayo haiendeshi. Zote hukabidhi kazi kwa `installd`, huduma ya macOS ya nyuma ya pazia, na skripti huja kuendeshwa na `package_script_service`. Huyo ndiye mzazi mtakayemwona, abofye mhasibu au itume seva. `whoami` msihangaike nayo, itasema root tu.

Chenye maana ni kigeu cha mazingira `COMMAND_LINE_INSTALL`. Kipo kwenye `man installer`: huwekwa pale usakinishaji unapofanywa kwa amri hiyo. Basi:

`[ -n "$COMMAND_LINE_INSTALL" ] && echo "amri"`

Amri, nimesema. Sikusema Jamf! Jamf huita `/usr/sbin/installer`, Munki (chombo kingine cha kusambaza programu kwenye Mac) vilevile, na fundi aliyekaa kwenye Terminal na `sudo installer -pkg … -target /` yake pia. Wote watatu wanatoa jibu moja. Na kigeu kikiwa tupu si lazima awepo mtu mbele ya skrini: MDM (seva ya kusimamia vifaa kwa mbali) ikituma agizo lake la kusakinisha, InstallEnterpriseApplication, hakuna dirisha wala amri ya `installer`.

Kuwatenganisha hao watatu, anza na `$1`, yaani njia ya pkg yenyewe. Munki huihifadhi `/Library/Managed Installs/Cache`. Jamf chini ya `/Library/Application Support/JAMF`. Ukiona `/Users/…/Downloads`, karibu hakika kuna kidole cha mtu. Hata hivyo hizo ni dalili tu. Sera ya Jamf ikishusha pkg `/private/tmp` na kuita `installer` kwa skripti, njia haikuambii kitu. Hapo itabidi `ps -axww -o pid,ppid,command`, utafute `installer` yenye `$1` hiyo, upande kwa ppid hadi ukutane na `jamf` au `zsh` (shell ya Terminal). Siipendi. Mzazi akifa mapema, ppid inageuka 1 na umeishia hapo.

Kama mnataka kujua baada ya kazi kwisha, ni rahisi zaidi: `processName` ndani ya `/Library/Receipts/InstallHistory.plist`, au `InstallProcessName` kwenye risiti (kumbukumbu ya usakinishaji) iliyo `/var/db/receipts`. `Installer` ya herufi kubwa ni dirisha, `installer` ya ndogo ni amri, kwa hiyo acheni `grep -i`. Msiisome ndani ya postinstall: risiti ya sasa haijaandikwa bado, mtasoma ya toleo lililopita.

Na wengi wenu mnachotaka ni kufungua programu mwishoni tu. Hilo halihitaji upelelezi. `stat -f %Su /dev/console`: ikisema root, hakuna aliyeingia, usifungue kitu. Ikitaja mtu, `launchctl asuser` na uid yake, kisha `sudo -u` na `open`.