Kabla hujanunua ng'ombe, panda majani kwanza

Swali ninaloulizwa sana ni ninunue friziani, jezi au chotara, na mi huwa namrudisha mtu nyuma kidogo: shamba lako litampa nini huyo ng'ombe, na akishakula, kinachotoka kwake kitaenda wapi? Hapo ndo pamakalcha inapoanzia, yaani kupanga shamba lifanye kazi kama mazingira ya asili, kinachotoka kwa kimoja kikilisha kingine. Jina lilitoka Australia miaka ya 1970 kwa akina Bill Mollison na David Holmgren, lakini ukipanda Kilimanjaro utakuta Wachaga wameishi hivyo kwenye kihamba, yaani shamba la kuzunguka nyumba, tangu enzi za mababu, miti juu, migomba katikati, kahawa chini yake, magimbi na maharage huko chini kabisa, na ng'ombe yuko bandani karibu na nyumba analetewa majani.

Ng'ombe wa kihamba hafugwi kwa ajili ya maziwa peke yake, samadi yake ndo inayobeba migomba. Kwa hiyo banda liwe juu kidogo ya migomba, mteremko ukufanyie kazi, usije ukabeba samadi kupandisha mlima kila siku mpaka ukachoka ukaacha.

Na mkojo jamani! Watu wanazoa kinyesi vizuri tu, afu mkojo wanauacha unazama nyuma ya banda, wakati karibu nusu ya naitrojeni anayotoa ng'ombe iko humo, na potasiamu nayo nyingi iko humo, na mgomba unakula potasiamu kweli kweli. Weka sakafu yenye mteremko na mfereji unaoingia kwenye shimo, tandika maranda au majani makavu ya mgomba yafyonze, na shimo liwe na paa. Ile harufu kali inayochoma pua ukiingia bandani ni amonia, yaani naitrojeni yako ndo hiyo inapaa hewani, na samadi ikianikwa juani inapotea zaidi, ikinyeshewa mvua inachujwa tena.

Upande wa chakula, mabingobingo pekee hayatoshi maana protini yake ni ndogo, hasa ukiyaacha yakomae. Panda kaliandra, mti mdogo wa malisho wenye majani ya protini nyingi. Kilo 3 za majani mabichi zinakaribiana na kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa, na miche kama 500 inamlisha ng'ombe mmoja kilo 6 hivi kwa siku mwaka mzima. Ukishtuka kwamba 500 ni mingi, piga hesabu: nusu mita kati ya mche na mche ni mita 250 za uzio, hujagusa eneo la mahindi hata kidogo, na hapohapo umepata kizuia upepo, kuni, na maua ya nyuki. Ila ndo maana nasema panda kwanza, kaliandra inataka karibu mwaka kabla hujaanza kuikata.

Mabingobingo yenyewe yapande kwenye kingo za fanya juu, yale matuta ya kukinga mteremko ambayo udongo wa mfereji unatupwa upande wa juu. Yanashika udongo usiteremke na mvua, na kila ukikata unalisha. Mashina ya mgomba mpe, lakini katakata uchanganye na vikavu na kaliandra, maana ni maji zaidi ya asilimia 90, ng'ombe anajaza tumbo na maziwa hayaongezeki. Na maji ya kunywa yawepo muda wote hata siku za mashina.

Mwenye nusu ekari na uzio mfupi, mi namshauri aanze na mbuzi wa maziwa wawili badala ya ng'ombe. Ng'ombe anayelishwa nyasi za kununua kila wiki anakula faida yote kiangazi kikifika, na nimeona watu wakiuza mnyama mzuri kwa bei ya hasara kwa sababu hiyo. Kuku nao waingie shambani mavuno yakishatoka, wachakure wadudu na punje zilizodondoka, ila miche ikiwa midogo wafungie bandani, wataifukua yote asubuhi moja.