Sevu yenye makali ni ipi?

Waulize watazamaji wa voliboli sevu kali ni ipi, wengi watakutajia ile ya kuruka, inayogonga sakafu kabla mpokeaji hajanyoosha mikono. Kocha wa timu ya chuo kikuu ana kipimo kingine. Kwake, sevu yenye makali ni ile inayomnyima seta wa upande wa pili, yule anayewaandalia washambuliaji mpira, nafasi ya kuchagua. Mpira unaweza kuokolewa, hata mashabiki wakampigia makofi aliyeuokoa. Lakini seta akikimbizwa nyuma ya mstari wa mita 3, mshambuliaji wa kati ni kama hayupo tena. Wazuiaji wavuni wanajua mpira utakwenda pembeni, mara nyingi nambari 4, kushoto mbele, na wanawahi kumsubiri mshambuliaji wa huko. Sevu hiyo haikuandikiwa pointi, ila pointi imetoka kwayo.

Kuna makocha wanaohimiza "ingiza tu", na hofu yao ina msingi. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, katika seti za kawaida timu yenye sevu ndiyo pekee iliyoweza kupata pointi, kwa hiyo aliyekosa alipoteza zamu tu. Siku hizi kila mpira una pointi, na sevu ikikwama wavuni umemzawadia mpinzani. Lakini fanya hesabu. Tuseme timu imepiga sevu 20 laini, zote zikaingia, mpinzani akashambulia apendavyo, nawe ukashinda mipira 6. Halafu tuseme imepiga 20 za nguvu, 3 zikapotea, na katika 17 zilizobaki ukashinda 8. Umetupa 3 na bado uko mbele. Zikipotea 8, mambo yanageuka. Ndiyo maana swali la kumuuliza mchezaji si kama amekosa, bali amekosa ngapi na zilizoingia zimemletea nini.

Hapa Mombasa kuna mwalimu mwingine asiyelipwa: upepo. Viwanja vingi viko nje, na kuanzia saa kumi jioni, wanafunzi wakitoka darasani, upepo wa bahari unakuwa umeshika. Sevu ya kuelea, ile inayopigwa kwa kiganja kigumu bila kuuzungusha mpira, huyumba kwa sababu hewa haiupiti sawasawa pande zote. Ukiipiga kuukabili upepo, huyumba zaidi na kuanguka mapema, na mpokeaji hupata taabu. Upepo ukiwa mgongoni, sevu ile ile hupaa ikatoka nje. Timu hubadilishana pande kila seti, na katika seti ya tano hubadilishana timu moja ikifika pointi 8, kwa hiyo mchezaji hawezi kuutegemea upande mmoja. Tena aliyezoea kurudishiwa mpira na kusi, akiingia kwenye ukumbi kama wa Makande, atashangaa sevu zake zinapita mstari. Wiki ya mashindano ya ndani si wiki ya kufanyia mazoezi nje, kama ukumbi unapatikana.

Mazoezi yenyewe huharibikia kwenye kapu la mipira. Mchezaji anasimama nyuma ya mstari, anapiga 30 mfululizo, mkono unapata joto, zinaingia zote, kila mtu anafurahi. Kwenye mechi hapati hiyo 30. Anapata moja, baada ya kuruka wavuni na kujitupa chini, jasho likitiririka, na refa akipuliza ana sekunde 8. Akifunga pointi ataendelea. Asipofunga, zamu yake itarudi timu ikishazunguka, yaani wachezaji wakishahama nafasi moja moja. Basi apige moja au mbili, akimbie kulinda nafasi yake, mpira uchezwe hadi ufe, ndipo arudi. Wawepo wapokeaji halisi, kwa sababu koni haisogei wala haikisii. Shabaha iwe mwanya kati ya wapokeaji wawili, pale kila mmoja anapomtazama mwenzake, au mpira mfupi mbele ya mshambuliaji anayejiandaa kukimbia. Alama apewe kwa namna seta alivyohangaika.

Kingine ni kurusha mpira. Makosa mengi ya mkono ni makosa ya mrusho: mpira ukienda pembeni, mwili unaufuata na shabaha inapotea. Mpiga sevu ya kuelea aurushe chini kiasi, mbele ya bega la mkono anaopigia, kila mara vilevile. Ni kazi ya kuchosha, na wanafunzi huikwepa wakikimbilia sevu ya kuruka.

Zipo nyakati za kupunguza nguvu: mwenzako ametoka kukosa sevu, au mpinzani amejaza wapokeaji dhaifu ambao hata sevu ya wastani itawayumbisha. Kupunguza nguvu si kupunguza shabaha.

Na kocha apange kikosi akijua nani ana sevu. Timu ikianza na sevu, mpigaji bora awekwe nambari 1, kulia nyuma, ili zamu yake ije mapema na labda irudi mara nyingi zaidi kabla ya 25. Ikianza kwa kupokea, nafasi yake ni nambari 2, kwa kuwa ikiirudisha sevu itazunguka kwanza, naye ndiye atakayekwenda nyuma ya mstari.