Mbegu Zinazohesabu Baridi

Ukitaja jangwa, wengi huona mchanga na jua kali. Lakini yapo majangwa ya baridi. Mojawapo ni Great Basin, magharibi mwa Marekani, linalofunika sehemu kubwa ya jimbo la Nevada. Huko maji mengi ya mwaka hushuka kama theluji. Mmea unaotawala ni Artemisia tridentata, kichaka cha majani ya kijivu, jamii moja na pakanga tunayoijua sisi.

Mbegu yake ina urefu wa milimita 1 hivi. Ukiigusa kwa kidole chenye jasho, inanata kama vumbi. Hupukutika mwishoni mwa mwaka, nyingi zikianguka mita chache tu kutoka kwa mama yao, kisha theluji inazifunika. Chini ya theluji udongo una unyevu na baridi isiyopanda wala kushuka sana, na hapo ndipo mbegu huanza kuhesabu. Zinazotoka milimani kwenye baridi ndefu huchipua polepole mno: ukiziweka maabara kwenye nyuzijoto 1, huenda ukangoja miezi 3 kabla nusu yake hazijatoa mzizi. Za mabondeni kwenye baridi fupi hazingoji hivyo. Kila mbegu imerithi kalenda ya kwao.

Kalenda hiyo ndiyo inayovurugika sasa. Mvua inachukua nafasi ya theluji, na theluji inayoanguka inayeyuka mapema. Siku chache za joto mwezi Februari zinatosha kuitoa mbegu, kisha baridi kali inarudi usiku na kukikuta chipukizi kikiwa uchi, bila blanketi la theluji. Au kinatoka salama, lakini tabaka la juu la udongo linakauka kabla mzizi haujazama. Aliyewahi kupanda mahindi kwa mvua ya kwanza, jua likakaza wiki tatu, anayajua maumivu haya. Ila yeye anaweza kutafuta mbegu nyingine. Mbegu nyingi za kichaka hiki hazidumu udongoni zaidi ya mwaka mmoja au miwili.

Tena kuna nyasi ngeni, Bromus tectorum, zilizofika karne ya 19 kutoka ng'ambo. Huchipua mapema kabla ya baridi, hukauka mwanzoni mwa kiangazi, na kuwa kuni za moto. Kichaka hiki kikiungua hakichipui tena kutoka kwenye kisiki. Kinachobaki ni mbegu tu.

Kwa hiyo kuhesabu vichaka vilivyosimama kunatudanganya. Kichaka kimoja huweza kuishi miaka 50 na zaidi, kikapendeza machoni huku chini yake hakuna mche hata mmoja. Tupige magoti, tutafute miche. Na tunapopanda upya baada ya moto, kila gunia la mbegu liandikwe zilikochumwa na mwinuko wa mahali hapo. Mbegu ya mlimani ikimwagwa bondeni itaendelea kungojea baridi ya kwao, na unyevu utakuwa umeshaondoka.